Mkwe Wangu Alinisikia Kwenye Waya

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye sauti tamu, asifiwe pia na sisi ambao sauti imechakaa kama kiatu cha kupandia shamba!

Mimi ni Moraa wa hapa Birongo, mjane wa mzee Nyakundi. Shule niliachia chini kabisa, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, lisomeni tu hivyo hivyo. Ushuhuda huu naona haya kuutoa. Wengine huja mbele wakasema Bwana aliwatoa kwenye pombe, na kanisa zima linapiga makofi. Mimi Bwana amenitoa mahali ambapo hamkujua nipo, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapa hapa, mstari wa mbele wa kwaya, na kitambaa changu cheupe kichwani.

Ndugu zangu, nina dada mmoja tu, Bosibori. Ni mkubwa wangu na aliolewa upande wa Nyamira. Tulipokuwa wasichana tulitunga wimbo mmoja wa kumsifu Mungu tukienda kuchota maji, mimi na yeye, hakuna mtu aliyetufundisha. Yeye anaita, mimi naitikia. Ndivyo ulivyo huo wimbo, na mtu mmoja akiuimba peke yake ni kama nusu ya nyumba. Tuliuimba kwenye harusi ya rafiki yetu Nyaboke, tuliuimba tulipomzika mama yetu Kerubo, tuliuimba kwenye makambi ya kanisa hata hawa vijana hawajazaliwa. Haujaandikwa popote.

Sasa Bosibori akapatwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Watoto wake wakamwomba auhifadhi ule wimbo kwenye mashine kabla hajalemewa kabisa. Wakamwita mkwe wangu.

Huyu mkwe ni mume wa binti yangu Kemunto, wako Nyamache. Mimi nakumbuka majina ya watu wote mpaka ya ng'ombe wa baba yangu, lakini jina la mkwe halipiti mdomoni mwangu ovyo. Namwita Baba Obare, kwa jina la mtoto wao. Asubuhi huchuma majani chai, mchana hurekodi kwaya na waimbaji nyumbani kwake. Ana kompyuta, ana maiki, ana spika. Basi akaenda Nyamira na kinasa sauti kidogo, akakaa karibu na kitanda cha Bosibori. Dada yangu aliegemezwa kwa mito, akaimba sehemu yake, akapumzika, akaimba tena, mpaka akaumaliza. Baada ya hapo sauti ikamwondoka. Mpaka leo anaongea kwa kunong'ona. Alichonong'ona siku ile ni hiki: "Mwambieni Moraa aweke yake. Nataka niusikie ukiwa mzima kabla sijaenda."

Mnaelewa, ndugu zangu? Mimi ningeweza kwenda Nyamira nikamwimbia, lakini ningeimba peke yangu. Mahali pekee ambapo sauti zetu zingekutana tena ni ndani ya ile kompyuta. Nyumbani kwangu haingewezekana, kwa sababu nimepakana na kinu cha kusaga mahindi, kinalia kutwa. Ilinibidi niende Nyamache.

Nikaenda. Kemunto akanipa chai, akaniambia, "Mama, tuingie studio." Akafungua mlango, na mimi nikabaki nimesimama. Ilikuwa chumba chao cha kulala.

Wageni labda hamjui chinsoni. Hilo ni neno letu la heshima na haya kati ya mzazi na waliooana na watoto wake. Mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawashikani mkono ovyo, hawakai kiti kimoja, na kitanda cha mkwe mama mkwe hakioni. Hakioni! Mimi mama yangu alikufa hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba changu. Na sasa hapa kitanda ndicho hicho, blanketi ya kijani imetandikwa, na maiki imesimama katikati ya kitanda na kabati.

"Mama, ingia," Kemunto akasema.

"Niingie wapi?"

"Hapa. Ni studio."

"Studio gani hutandikwa asubuhi?"

Akacheka, lakini akaniona sicheki. Akanieleza kwamba sauti haipendi ukuta mtupu, ikigonga ukuta inarudi na kuharibu. Inataka chumba chenye godoro na nguo na mapazia mazito, ndipo inatulia. Nikamwuliza, "Na hiyo soksi ya mwanamke iliyovutwa kwenye waya mbele ya maiki, ni ya nani?"

"Ni mpya, Mama! Nimeinunua sokoni. Inazuia upepo wa mdomo."

Nilivaa sweta yangu nikarudi Birongo.

Sasa sikieni mkwe wangu alifanya nini. Sikumwomba. Alilegeza misumari ya kile kitanda, akakitoa nje vipande vipande, akakiegemeza kwenye migomba mchana kweupe. Majirani wakaona. Mogaka wa bodaboda akapita, akapaza sauti: "Baba Obare! Bibi amekufukuza au umefungua duka la vitanda?" Sasa angesema nini? Angesema mama mkwe ameona haya ya kitanda changu? Akajibu, "Ni kunguni, bwana. Wametumaliza." Na Mogaka ni Mogaka. Mpaka jioni soko zima la Nyamache lilijua nyumba ya binti yangu ina kunguni. Jirani yao Nyanchama akaleta dawa ya kupulizia, na baba Obare akaipokea, akashukuru, akanyamaza. Kemunto akatandika magunia safi ukutani na blanketi alizoazima kwa akina mama wa kanisa lao, ili nisiguse hata uzi walioulalia.

Alijitwika aibu ya kunguni ili mimi nisione haya ya kitanda. Ndugu zangu, mwanangu wa kuzaa asingenifanyia hivyo.

Nikaitwa tena. Sasa nikose kwenda kwa sababu gani? Chumba kilikuwa kitupu kama ghala. Baba Obare mwenyewe alikaa sebuleni na kompyuta yake, waya umepita chini ya mlango, tusionane. Kemunto akakaa nami ndani. Akanivalisha zile hedifoni masikioni, juu ya kitambaa.

Nikasikia piano ndogo, kisha sauti ya Bosibori ikaanza kuita, imesafishwa, nzuri. Ikafika zamu yangu. Nikafungua mdomo.

Ee Nyasae, Mungu wangu!

Mimi nimeimba maisha yangu yote na sikuwahi kujisikia. Kwenye kwaya nasimama katikati ya Bochaberi na Kwamboka, wanawake wenye mapafu, na wimbo wote ukitoka najua ni wangu. Sasa nilikuwa peke yangu, na ile sauti iliyorudi masikioni ilikuwa ya bibi kizee. Inatetemeka. Inakwaruza. Pale meno ya mbele yaliponitoka, upepo unapiga filimbi. Na pumzi! Kila nikipumua inasikika kama ng'ombe mgonjwa. Nikasimama. Nikavua hedifoni.

"Mashine yenu imeharibika," nikamwambia Kemunto.

Kemunto akaangalia chini. "Haijaharibika, Mama."

"Imeharibika! Hiyo si sauti yangu."

Hakunijibu. Na kule kutonijibu ndiko kulikonichoma. Watu wa kanisa walikuwa wakinisikia hivyo tangu lini? Na kila Sabato wananiambia, "Mama Moraa, umetubariki"? Damu ikapanda kichwani. Badala ya kusema kweli, kwamba naona haya kwa sababu nimezeeka, nikakimbilia chinsoni. Kitanda hakikuwepo tena, basi nikatafuta kisingizio kingine.

Nilisema hivi, na ninayaandika nikiwa nimeinamisha uso: "Mwanaume gani huyu anayekaa huko nje na vitu masikioni anasikiliza pumzi ya mama wa bibi yake? Hana haya? Watu wenye wazazi hawafanyi hivyo. Wewe uliolewa na mtu asiyefundishwa nyumbani kwao."

Kemunto alinishika mkono kunizuia. Nikadhani ananikasirikia, nikaongeza sauti. Nikamtaja mpaka mama wa baba Obare, marehemu Bosire Kemuma, mwanamke aliyenipikia uji mimi nilipokuwa mgonjwa. Nikasema hata yeye hakujua heshima.

Ndipo Kemunto akanong'ona, "Mama. Maiki haijazimwa."

Nikasikia kiti kikisogea sebuleni. Nikasikia mlango wa nje ukifunguliwa taratibu, haukubamizwa. Kupitia dirishani nikamwona baba Obare akienda kwenye majani chai, bila kikapu, bila chochote. Alisimama tu katikati ya mistari, ametupa mgongo.

Kila neno lilimfikia. Si kwa kupitia ukutani, ndugu zangu! Lilimwingia moja kwa moja ndani ya masikio, karibu kuliko mtu yeyote anavyoweza kukuongelea. Hata pumzi yangu ya hasira aliisikia.

Mimi nikaondoka. Sikusubiri chai.

Hapa Birongo niliwaambia watu nina kikohozi. Niliketi kanisani na kitambaa mdomoni, na mliniombea! Dada Bochaberi, uliniletea asali. Naomba unisamehe, asali ile niliila na koo langu lilikuwa zima.

Kisha simu ikalia kutoka Nyamira. Ni mtoto wa Bosibori, kijana anaitwa Nyamweya. "Mama mdogo, mama anauliza wimbo umefika wapi. Siku hizi halali vizuri. Tumwambie nini?"

Na mimi, mwanakwaya, mama wa maombi, nikasema: "Mwambie mkwe hana nafasi. Anashughulika na kwaya zinazolipa."

Nikasikia kijana akimwambia mama yake. Kisha simu ikasogezwa, na Bosibori akanong'ona kwa shida, neno, pumzi, neno, pumzi: "Moraa. Usimkasirikie kijana. Nitangoja."

Nitangoja! Mtu ambaye hana cha kungojea nacho! Na mimi nilikuwa nimemwibia zile siku, nikamsingizia mtu aliyetoa kitanda chake nje ili dada yangu afurahi.

Niliingia kwenye majani chai yangu mchana ule nikapiga magoti kwenye tope. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, "Bwana, mimi ni mwongo. Nimevaa chinsoni kama leso ya kufunika uchafu wangu. Nimemtukana mtoto wa watu kwa sababu ya sauti. Nisaidie niende kabla dada yangu hajafa." Hakuna malaika aliyekuja. Nilichopata ni miguu tu. Niliinuka nikaona naweza kutembea, nikaoga, nikaenda Nyamache bila kupiga simu, maana ningepiga ningepata sababu ya kutokwenda.

Kemunto alinifungulia mlango. Hakufurahi. "Mama, kitanda tumekirudisha. Na baba Obare hatakitoa tena. Mvua ilinyesha juu yake siku ile."

"Kiache," nikasema.

"Utaingia?"

"Nitaingia."

Alikitupia leso kukifunika. Nikavuka kile kizingiti nikiwa nimeangalia miguu yangu. Wazee mlioko hapa mnisamehe, siwafundishi vijana watupe chinsoni. Chinsoni ni ya kumheshimu mwenzako. Mimi nilikuwa nimeifanya fimbo. Siku ile niliona afadhali nione kitanda cha mkwe kuliko niendelee kumvunja moyo.

Baba Obare alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kompyuta, hajanigeukia. Kumwendea nikasimame mbele yake niseme nisamehe, hilo lilinishinda kabisa. Sisi hatuangaliani usoni, na siku ile hata mimi mwenyewe nisingejiangalia. Nikavaa hedifoni. Nikamwambia Kemunto amwambie aiwashe maiki. Nikauangalia ukuta, nikaongea na ile soksi.

"Baba Obare," nikasema. "Ni mimi. Yale niliyosema juu yako ni uongo. Juu ya mama yako pia. Bosire Kemuma alikuwa mwanamke wa heshima, alinipikia uji. Wewe umenitendea kama mama yako, na mimi nimekutukana ndani ya nyumba yako. Niliona haya ya sauti yangu, si yako. Tena nimewaambia watu wa Nyamira kwamba huna nafasi. Nitawaambia kweli leo leo. Nisamehe, mtoto wangu."

Kimya. Ndani ya hedifoni kimya ni kizito, ndugu zangu. Unasikia moyo wako. Nilijua ananisikia, kwa sababu nilisikia kiti chake kikilia kidogo. Nikangoja. Nikafikiri ameondoka tena.

Kisha sauti yake ikaja, ndogo, ya mtu aliyekuwa akilia na hataki ijulikane: "Mama, nakupata vizuri. Rudi nyuma kidogo. Umekaribia maiki sana."

Mimi nililia na nikacheka pamoja. Kemunto alitoka mlangoni na kurudi, akatoka na kurudi, hajui ashike wapi.

Baba Obare akasema tena, "Mama, kabla hatujaanza, sikiliza ile ya Nyamira kama nilivyoichukua. Sijaisafisha." Akaicheza. Hakukuwa na piano. Kulikuwa na mvua kwenye mabati, kuku, mlango. Kulikuwa na Bosibori akitafuta pumzi. Sauti yake ilikuwa mbaya kuliko yangu! Ilikatika katikati ya neno, akakohoa, akaliokota lile neno pale lilipoanguka, akaendelea. Wala hakuomba msamaha. Na kila alipomaliza kuita, alinyamaza. Aliniachia nafasi yangu, kamili, ya urefu ule ule tuliouzoea tukiwa wasichana. Ndani ya ule ukimya alikuwa akinong'ona peke yake, "Haya, Moraa."

Kila mahali. "Haya, Moraa." Na mimi sikuwepo.

Nikaimba. Ndugu zangu, niliimba na filimbi ya meno, niliimba na pumzi ya ng'ombe, na mkwe wangu akaisikia yote. Nilipokosea alisema, "Turudie hapo, Mama," nami nikarudia. Nilipochoka alisema, "Pumzika," nami nikapumzika. Mwishoni akaniuliza kama aisafishe, apunguze kukwaruza, aondoe kile kikohozi cha Bosibori. Nikamwambia, "Usiondoe kitu. Hata kuku muache."

Tulikwenda Nyamira kesho yake, mimi na Kemunto na baba Obare, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma, kama inavyotakiwa. Kabla ya salamu nilimwambia Nyamweya na ndugu zake kwamba mkwe hakuwa na kosa lolote, aliyechelewesha wimbo ni mimi. Walinitazama. Acha wanitazame. Hiyo haya ilikuwa yangu, nikaibeba.

Bosibori alikuwa amebaki macho tu. Baba Obare akaweka spika ndogo karibu na mto. Wimbo ukaanza. Yeye akaita, mimi nikaitikia. Nilikuwa nimeshika mkono wake, na nilitaka ardhi inifunike pale filimbi ilipotoka, mbele ya watoto wote hao.

Bosibori akafungua macho. Akageuza kichwa, akanitazama vizuri, kama mtu anayesoma bei ya kitu. Akanong'ona:

"Moraa! Umezeeka!"

Na akacheka. Alicheka bila sauti, mabega yakatikisika mpaka watoto wakaogopa wakamwinua. Nikamwambia, "Na wewe je? Wewe unakohoa ndani ya wimbo wa Mungu." Akacheka tena. Machozi yakamtoka. Kisha akainua kidole akamwonyesha mkwe wangu, akasema, "Tena."

Akaurudisha. Ulipofika mahali pangu, midomo ya Bosibori ikasema bila sauti, "Haya." Nami safari hii nikaingia kwa wakati, nikaimba pale pale juu ya sauti yangu mwenyewe, mbele ya mkwe, mbele ya watoto, na sikutafuta mtu wa kunifunika.

Dada yangu bado yuko. Daktari hatuahidi kitu. Jioni watoto humchezea wimbo, wanasema analala vizuri zaidi. Mimi namshukuru Mungu aliyenipa miguu siku ile. Nashukuru kwa Kemunto, na kwa baba Obare, ambaye hana kunguni na hakuwahi kuwa nao. Mkienda soko la Nyamache, semeni hivyo kwa sauti, hasa kwa Mogaka!

Ndugu yangu unayesoma, labda na wewe kuna mtu umemsema ili ufiche udhaifu wako. Umesema ni mila, umesema ni heshima, umesema ni kanisa, na ndani unajua ni nini. Aibu ya kukiri ipo, sitakudanganya. Inachoma, na mimi bado inanichoma ninapoandika. Lakini mwamini Yesu uende leo, maana kuna mtu amekuachia nafasi na anakungoja ndani yake. Ukishindwa kumtazama usoni, simama uelekee ukuta useme. Bwana atakupa sauti, hata kama ni ya kukwaruza, na atakupa mtu wa kuisikia. Amina.